Seli Niliyoihesabu Mara Mbili

Jambo hili liligharimu moyo wa panya mmoja, dakika kumi na moja za alasiri, na mwaka wa masomo wa binti ambaye hajanikosea kitu. Panya alikuwa wa chuo. Dakika zilikuwa zangu. Mwaka haukuwa wangu, na ndio pekee niliouchukua bila kupatana bei na mwenyewe.

Siku hizi nauza nyaya na taa hapa Mwanga, kwenye barabara ya kwenda Kasulu, na wateja wananijua: chenji naihesabu mara mbili, ya kutoa na ya kupokea. Kabla ya duka nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na kazi yangu ilikuwa kupima umeme wa kalsiamu inayoingia kwenye seli moja ya msuli wa moyo. Kalsiamu ikiingia, seli inajikunja. Zikijikunja zote pamoja, moyo umepiga. Ukiipunguza kidogo, presha inashuka. Sasa, kuna gome la mti ambalo watu wa huku kwetu huchemsha kwa ajili ya presha, na Mwalimu aliyenisimamia alitaka kujua kama kweli linapunguza kalsiamu, au watu wanakunywa uchungu wa bure.

Kazi yenyewe ni ya kubembeleza. Moyo wa panya unaulainisha kwa vimeng'enya mpaka seli ziachane. Nzuri zinalala kama vitofali vyenye mistari. Mbovu zimejiviringa kama dengu. Unashusha bomba la kioo lenye ncha usiyoiona bila hadubini, unaigusa seli, unavuta pumzi kidogo kwa mdomo kupitia mpira mwembamba, na ukiwa na bahati kioo kinanata na kuitoboa seli bila kuiua. Hapo kwenye skrini kalsiamu inachora bonde. Bonde likiwa na kina, kalsiamu ni nyingi. Ikifika jioni seli zote zimekufa, kesho panya mwingine.

Tulikubaliana na Mwalimu seli sita bila dawa na sita zenye dawa, yaani maji ya gome. Mwezi wa mwisho nilikuwa na tano kwa tano. Siku ile moyo ulinipa seli moja tu ya maana. Nikaipima bila dawa, ikawa ya sita. Lakini ilikuwa bado imenata, imetulia, nikaona hasara kuiacha. Nikatia maji ya gome, nikangoja dakika kumi na moja, nikaipima tena. Bonde lilikuwa limepungua karibu nusu.

Kupima seli moja mara mbili si kosa, ilimradi useme. Mimi niliiandika kuwa seli nyingine, nikaipa namba yake. Mtu aliyekulia sokoni anajua nyongeza ni nini: umenunua makopo matano ya dagaa, muuzaji anakutupia konzi moja juu. Utaila, lakini huwezi kuiita kopo la sita. Mimi niliiita. Tena nilijua fika kwamba seli iliyotobolewa huchoka yenyewe, na bonde lake hupungua hata ukiiacha kwenye maji matupu ya chumvi. Bila seli ile hesabu haikusimama. Nikaiweka, ikasimama.

Nikapata shahada, nikarudi nyumbani. Mwalimu akampa kazi ile binti mmoja, mzaliwa wa hapa jirani Buzebazeba, aiendeleze. Mwezi uliopita akaja dukani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Nimekondeshwa na namba zako." Akacheka, mimi sikucheka. "Mwaka mzima natia dawa, bonde halipungui. Mwalimu anasema mkono wangu mzito. Muhula ukiisha sijapata, naondolewa kwenye mada, na ufadhili ndio umeishia hapo. Nafikiri walinipa gome la mti mwingine. Nipeleke kwa yule mama aliyekuuzia."

Hapo ndipo pa kusema. Badala yake nilifunga duka, nikampeleka kijijini Kidahwe.

Mama wa magome nilimwamkia kwa Kiha, maana bei ya Kiha huwa chini kuliko ya Kiswahili.

"Fungu elfu kumi," akasema.

"Mama, gome tu au na mti wake?"

"Mti utaubeba wewe, na hivyo vimiguu?" Kisha akanikazia macho. "Si wewe ndiye uliyesema unakwenda kulipima kwenye mioyo? Ilikuwaje, linafanya kazi?"

Binti akanigeukia, anatabasamu, anangoja nijivune.

"Linafanya," nikasema.

"Ehee! Basi elfu kumi ni bei ya ndugu."

Ukweli ungenishushia bei mpaka nusu, na sikuweza kuutoa. Nilipoingiza mkono mfukoni binti akanizuia, akalipa kwa fedha yake. Noti alizihesabu mara moja tu.

Tukasimama kando ya barabara ya Kasulu kungoja gari. Alikuwa ameupakata mfuko, anaunusa. "Hili ndilo, kaka. Hata harufu ni nyingine."

"Ni lile lile," nikasema.

"Umejuaje?"

"Seli yangu ya sita yenye dawa ndiyo ya sita isiyo na dawa. Niliipima mara mbili. Katikati nilingoja dakika kumi na moja."

Mtu wa kazi ile haelezwi zaidi. Aliuweka mfuko chini, taratibu, kama wenye mayai.

"Chumvi nilizipima upya mara tatu," akasema. "Nikaacha chai, kaka. Nikidhani ndiyo inanitetemesha mkono. Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Na ungeniacha nipande gari na mzigo huu?"

"Mpaka sasa hivi, ndiyo."

Gari likaja likapita, hakuna aliyelipungia. Akatoa simu, akatafuta jina la Mwalimu, akabonyeza, akaishika katikati yetu ikiwa kwenye spika.

"Inaita," akasema. "Haya, kaka, wewe ndiye fundi wa maneno. Nishauri: akipokea, nianze mimi kumwambia mkono wangu si mzito, au utaanza wewe?"