Ndevu za Mshindi

Watu walimwita Mkasi, na jina lilimkaa vizuri: mrefu, mwembamba, miguu imeachana kidogo kuanzia magotini. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na televisheni ndogo juu ya kabati la taulo. Kiti cha dirishani kilikuwa chake. Cha ndani kilikuwa cha mwenzake, ambaye jina lake halisi alilikumbuka mkewe peke yake. Alizaliwa nchi ya jirani, upande wa pili wa mpaka, basi watu wakamwita Jirani na yakaisha.

Walikodi chumba hicho pamoja wakiwa bado vijana, na hawakuwahi kugombana kwa lolote ila kriketi. Kila mwaka nchi hizi mbili hucheza mechi moja ya kombe, na siku hiyo hata asiyejua nani anarusha mpira na nani anaupiga hugeuka kocha. Mkasi alikuwa anajua kweli. Ujanani alikuwa mrushaji wa timu ya mji, mpaka bega lilipomkatalia.

Balaa waliianzisha wenyewe. Mwaka mmoja, katika kutaniana, waliwekeana sharti: ambaye nchi yake itashindwa, kesho yake asubuhi atamnyoa mwenzake ndevu kwa wembe, mbele ya wateja, huku akiimba wimbo wa taifa wa mshindi, beti zote. Wateja wakaupenda mzaha huo, mwaka uliofuata wakaleta shemeji zao na majirani zao, na haukupita muda ukawa mzaha wa mtaa mzima. Tangu hapo wenyewe hawakuwa na ruhusa ya kuuacha.

Tabu ni kwamba nchi ya Mkasi ilikuwa inapigwa. Ilipigwa mwaka huu, ikapigwa mwaka wa pili, ikapigwa tangu binti yake wa mwisho alipoanza shule hadi akaolewa. Mkasi akawa mtu wa kunyoa ndevu za mshindi. Wimbo wa taifa wa nchi ya jirani aliujua ndani nje, aliuimba hata akifagia, na mkewe alishamkataza kuuimba bafuni.

"Siku tukishinda, Mkasi," mwenye bucha wa upande wa pili wa barabara alikuwa akimwambia, "mimi nitabeba kiti chako na wewe ukiwa juu yake." Huyu alikuwa mtu mnene, sauti kama kengele ya shule, na aliipenda nchi yake kana kwamba aliinunua kwa jasho lake mwenyewe. Mkasi alicheka tu. Lakini aliitaka siku hiyo, na aliitaka kwa moyo wote. Alitaka kukaa kwenye kiti, afumbe macho, anyolewe kama mfalme huku Jirani akihangaika na ubeti wa pili.

Basi ukafika mwaka huu.

Mwanzoni Mkasi hakuona kitu. Jirani alianza kusema wembe wake umechoka, akawa anatumia mashine peke yake. Mteja akitaka ndevu, anaambiwa, "Nenda kwa Mkasi, ana mkono mwepesi." Sifa hizo zilimpendeza Mkasi kwa muda. Kisha ndevu za mji mzima zikamwangukia yeye, na jioni alirudi nyumbani miguu imevimba, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Siku moja waliletewa chai kazini, Mkasi akaona Jirani anaacha ya kwake ipoe mpaka wateja watoke. Ndipo akainyanyua kwa mikono miwili, na hata hivyo ikamwagika kwenye mkono wa shati. Mkasi akageuza uso, akajifanya anatafuta taulo.

Hawakulizungumza. Wanaume wawili wanaojuana hivyo wanaweza kuzungumza miaka yote kuhusu bei ya sabuni na wasiliguse jambo lililo mbele yao. Mkasi alilizungumza na mkewe tu.

"Mkono wa shemeji yako unatetemeka," alimwambia, naye akimkanda miguu.

"Sana?"

"Mashine anaiweza, maana ina kichana. Wembe hauwezi."

Mkewe akaacha kukanda. "Na mechi je?"

Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha Mkasi usingizi. Kinyozi akiwa mbea, wateja hurudi. Akiwa mlevi, hurudi pia, mradi wamkute asubuhi. Lakini nani atampa shingo yake mtu ambaye mtaa mzima umemwona akitetemeka na wembe mkononi? Na Jirani hakuwa na kingine. Alikuwa na kile kiti, na mke na watoto, na chumba cha kupanga, na majirani ambao mpaka leo akikosea kidogo humuuliza kwa nini harudi kwao. Nchi ya Mkasi ikishinda, Jirani angesimama mbele ya hao hao.

"Aseme anaumwa siku hiyo," mkewe akasema.

"Watamfuata nyumbani. Huwajui?"

"Basi omba mshindwe."

Alisema kwa mzaha. Mkasi hakucheka.

Siku ya mechi, watu walijaa chumbani mpaka mlangoni. Ilianza vibaya kwa nchi ya Mkasi, kama ilivyo desturi yao, na Mkasi, Mungu amsamehe, akashusha pumzi. Halafu wakaanza kuamka. Kijana mmoja ambaye hakuna aliyekuwa akimjua alishika gongo akawa anaupiga kila mpira anaorushiwa. Mwenye bucha alikuwa amesimama juu ya ndoo. Mkasi akaona kwenye televisheni wingu jeusi limekaa juu ya uwanja, akalikazia macho. Mvua ikinyesha kriketi husimama, na ikiendelea kunyesha hakuna mshindi wala mshindwa. Nyesha, alisema moyoni. Nyesha tu, nakuomba. Nyesha.

Haikunyesha. Yule kijana akaupiga mpira ukapita juu ya kamba ya mwisho wa uwanja bila kugusa chini, pigo la ushindi, na chumba kikalipuka. Mwenye bucha alimnyanyua Mkasi juu juu. Na kusema kweli, kwa kitambo kidogo furaha ile ile aliyoingoja miaka yote ilimpanda Mkasi mpaka kooni, akapiga kelele kama wenzake. Kisha akiwa huko juu akamwona Jirani kwenye kiti cha ndani, anapiga makofi kwa adabu ya mtu aliyeshindwa, halafu anaurudisha mkono wa kulia mfukoni. Mkasi akaomba ashushwe. Alichoka ghafla, uchovu wa mwili mzima, akatamani kwenda kulala.

Asubuhi watu walikuwepo kabla ya mlango kufunguliwa. Mwenye bucha alikuja na bendera begani. Jirani alikuwa ameshafika, amevaa shati safi, wembe ameunoa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha amua kwamba litakalokuwa na liwe.

"Karibu kitini, mshindi," alisema.

Mkasi akakaa. Akafungwa shuka shingoni. Fundo lilichukua muda mrefu. Povu likapakwa, na kwa brashi hakuna aliyegundua kitu. Kisha Jirani akachukua wembe kwenye bakuli la bati, na wembe ukagonga ukingo wa bakuli, ukagonga tena, ukawa unagonga mfululizo kwa sauti ndogo. Watu bado walikuwa wanacheka. Mmoja wa mbele akaanza kuangalia chini, kwenye bakuli.

Mkasi akasimama, povu usoni.

"Ngojeni," alisema. "Mnanikalisha kiti kisicho changu. Mimi jana sikuwa na nyinyi."

"Hukuwa na sisi vipi?" mwenye bucha akauliza.

"Nilikuwa na wao. Nimeimba wimbo wao mpaka umenikaa. Jana niliomba tusishinde." Akaufungua mkono wa Jirani taratibu, akautwaa wembe. "Kwa hiyo nimeshindwa mimi. Kunyoa ni kwangu."

Mkasi alijua palipobaki pengo: ikiwa yeye ndiye mshindwa, mshindi ni nani? Alimtazama mwenzake. Jirani naye akamtazama, akamtazama, mpaka ikamwingia. Midomo ikamcheza.

"Basi na mimi niseme," akasema. "Mimi nimeishi hapa kuliko nilivyoishi kule. Watoto wangu ni wa hapa. Jana nilikuwa na nyinyi."

Loo! Hapo palikuwa hapakaliki. Walimpigia Jirani vigelegele, wakamkalisha kwenye kiti cha dirishani, wakamvisha bendera juu ya shuka. Watu waliokuwa wakimuuliza kwa nini harudi kwao walimwita ndugu. Mkasi hawakumpiga, lakini walimpa majina. Mwenye bucha alimsogelea karibu sana.

"Miaka yote hii nakuletea ndevu zangu," alisema. "Kumbe msaliti."

"Wimbo!" wakapiga kelele. "Aimbe wimbo wetu!"

Mkasi alianza kunyoa, akafungua kinywa, na wimbo uliotoka ulikuwa wa nchi ya jirani. Hakukusudia. Ulitoka tu, ndio wimbo ambao mkono wake uliuzoea ukiwa na wembe. Watu wakazomea, ushahidi gani mwingine walitaka? Akakatiza, akaanza upya, akaupata wimbo wa nchi yake, nchi aliyotamani kuichezea mpaka bega likafa, akafika ubeti wa pili na hakuukumbuka. Alisimama na wembe hewani, jasho likamtoka.

Ndipo Jirani, shingo imeinuliwa, macho yamefumbwa, alipoanza kumnong'onezea maneno chini ya povu. Mstari mmoja mmoja. Mkasi akaimba alichoambiwa, hadi mwisho.

Mchana kutwa hakuja mteja kwenye kiti cha Mkasi. Mwenye bucha alionekana akivuka barabara kwenda kwa kinyozi wa kona. Jioni Mkasi alizima televisheni, akakaa, akajikanda miguu mwenyewe. Jirani alikuwa anafagia, na mpini wa fagio ulikuwa ukigonga miguu ya viti. Hakuuficha tena mkono.

"Ulijua tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Tangu ile chai."

Jirani akafagia kidogo. "Nataka ujue kitu kimoja," alisema. "Niliyoyasema asubuhi ni uongo. Mimi nilikuwa upande wa kwetu. Nilitaka kwetu tushinde kuliko unavyodhani."

"Najua."

"Nimewakana mbele ya watu, Mkasi. Nimevaa bendera."

"Najua, ndugu yangu. Nilikuona."

"Angalau tulidanganya wote wawili."

Mkasi akavaa viatu vyake polepole, kimoja kwanza, kisha cha pili, kwa sababu vilikuwa vinabana.

"Mimi sikudanganya," alisema.