Maji ya Makayabu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Ulizeni mtu yeyote wa Bunia anayenifahamu. Nilianza na karanga kwenye sahani ya bati pembeni ya soko, nina suruali moja tu, na shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri. Kutoka karanga nikaingia sigara, kutoka sigara nikaingia mbuzi wa Marabo, na kutoka mbuzi nikafika kwenye ng'ombe, niliowanunua mmoja mmoja kwa mkono wangu huu, bila baba wa kuniachia hata mkia. Nimeona mto ukibeba nyumba na kufuli yake ingali mlangoni. Nimeona tajiri akililia baiskeli. Kwa hiyo ninapowaeleza habari ya maji ya makayabu, msidhani anayesema ni mtu wa kushangaa ovyo.

Kabla ya vita, ferme yangu, shamba langu la ng'ombe, ilikuwa kwenye vilima nje ya mji, majani yanafika magotini, na upepo ukipita juu yake unaona kilima kizima kinatembea. Kwangu watu walikula. Bugali wa mihogo ya Gety, maharagwe, samaki wa ziwani kutoka Mahagi-Port waliofika wakiwa bado na macho mazuri, na juu ya yote samli ya ng'ombe wangu, kijiko kikubwa, inayeyuka polepole hadi pembeni ya sahani. Mgeni akisema ameshiba, nilimwambia hajaanza. Sifichi: nilipenda waende kusema mjini.

Vita vilipopanda kwenye vilima vyetu, ferme ilikwisha kwa asubuhi moja. Nani alichukua nini, sitaandika hapa. Mchungaji wangu, mzee mkavu asiyezidi kilo hamsini na nguo zake, aliingia mjini kwa njia za mabondeni akiwa na ng'ombe kumi na mmoja mbele yake. Ndio waliobaki kati ya wote. Niliwaweka nyuma ya nyumba yangu, katika lupango, kile kiwanja cha nyumba ya mjini, kati ya jiko na choo, nikafunga mabati na miti kuwa uzio. Asubuhi aliwatoa kula majani nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa, mahali ambapo bado tuliweza kuwaona, na mchana ukianza kupoa aliwarudisha.

Mkubwa wa kundi alikuwa jike mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alipokwenda yeye, wote walikwenda. Aliposimama kufikiri, wote walisimama kufikiri.

Kisha munyu, chumvi yetu, ukaisha.

Ambaye hajafuga hawezi kuelewa. Ng'ombe bila munyu ni kama mlevi bila pombe, anakuwa mwizi. Njia ya ziwani, munyu ulikotoka, ilikuwa imefungwa, na kamyo za mizigo za Mahagi hazikuja tena. Kwanza nilinunua kwa bei ya wazimu, nikijisifu kwamba mimi bado ninanunua wakati wengine wanatazama. Halafu ikafika siku ambayo soko zima halikuwa na hata punje. Jirani yangu wa mkono wa kushoto alikuwa mama mfanyabiashara aliyetoka Butembo, muuza makayabu, wale samaki waliokaushwa kwa munyu mpaka wanakuwa wagumu kama mbao. Alikuwa ameweka mizigo kadhaa ndani kabla njia hazijafungwa. Nilimwendea na dola zangu mkononi nikamwambia aniuzie munyu, najua hakosi. Alinitazama, akazitazama dola.

"Papa," akasema, "ng'ombe hailambe dola."

Ng'ombe wakaanza vituko. Walilamba ukuta wa jiko hadi rangi ikatoka. Walilamba shati la mchungaji mgongoni, mahali pa jasho, naye amelivaa. Ndama mmoja alikula sabuni ya mke wangu, kipande kizima, akatoa povu mdomoni hadi tukadhani anakufa. Tulicheka kidogo. Lakini asubuhi moja yule mweusi alisukuma uzio kwa kifua, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, akashika njia ya mashariki. Wengine wakafuata.

Mchungaji aliwageuza kwenye nyumba ya mwisho. Alirudi anahema, akakaa chini, na hakuniomba hata maji. Akanieleza kwamba zamani, kabla sijamnunua, yule mweusi alizoea kushushwa hadi karibu na ziwa, kwenye udongo wenye munyu. Njia hiyo anaikumbuka. Na njia hiyo, wakati ule, ilipita katikati ya watu wenye bunduki.

"Patro, huyu anajua kwenye anaenda," akaniambia. "Siku ingine sitamuweza. Ataenda na wote, na miye nitawafuata, juu ndio kazi yangu."

Nilimkataza. Nikamwambia kwamba wakienda, waende, yeye abaki. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, na nilijua hajanisikia. Mtu aliyeshuka vilimani chini ya risasi na ng'ombe wa mwingine hawezi kuanza kuwaacha kwa sababu tu mwenyewe amesema. Kwa hiyo haikuwa tena hesabu ya ng'ombe tu. Ilikuwa pia roho ya yule mzee.

Mama wa makayabu alikuwa akitusikia kupitia mabati. Sote mtaani tulisikiana, hata mtu akikohoa. Asubuhi iliyofuata akaja na ndoo ndogo, ndani yake maji meupe kidogo yenye harufu kali ya samaki. Makayabu huwezi kuyapika hivi hivi. Unayalowesha usiku kucha, yanaacha munyu kwenye maji. Akasema jaribuni hii. Mchungaji alinyunyiza juu ya majani, na yule mweusi akala, akalamba chini, akalamba ndoo, akamlamba mama mkono hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake zikaja ndoo tatu, kesho kutwa zikawa zaidi. Mama yule alikuwa akikopesha mtaa mzima vipande vya makayabu, na kila nyumba iliyolowesha ilileta maji yake: jirani wa kulia, ambaye ni mchimba dhahabu, Mwislamu aliyekimbia Mongbwalu na mke na watoto bila hata sufuria, halafu nyumba za ng'ambo ya barabara, watu ambao sikuwahi kuwasalimu vizuri. Hayakuwa mengi, lakini yalitosha kuwafanya ng'ombe watulie. Yule mweusi akawa mchana ukipoa anarudi mwenyewe, mbele ya mchungaji, kuwahi ndoo.

Na mimi nilionaje? Nilijiona mtu mwenye bahati na akili. Mama yangu aliyenizaa alikuwa anamwaga maji yale nyuma ya nyumba kila siku ya Mungu, na mbwa walikuwa wanayakimbia. Nikawaambia watu kwamba lupango wangu umekuwa mahali pa kumwagia uchafu wao, na bado sijawatoza. Ndoo ikichelewa, niliuliza kwa nini imechelewa.

Siku moja ndoo ya mchimba dhahabu haikufika. Nikaenda mwenyewe kuiulizia. Ilikuwa saa kumi, maana siku zile tulikula mapema ili giza likute moto umezimwa. Niliwakuta wamekaa kwenye mkeka, sinia katikati. Mwenye nyumba akasogea, akanionyesha nafasi.

"Karibu, jirani. Ndoo iko inakungoja. Kula kwanza."

Huwezi kukataa sinia la mtu. Nikanawa. Sombe yao, majani ya mihogo, ilikuwa imetwangwa vizuri, mawese yanang'aa juu, harufu inakuita. Nikachota tonge la kwanza, na mdomo wangu ukasimama. Hapakuwa na kitu. Yalikuwa majani tu, majani na mafuta. Niliwatazama watoto: walikula wameinamisha vichwa, na kila mmoja alikuwa na kiuzi cha makayabu, kidogo kama ukucha, anakigusisha ulimini kisha anakirudisha pembeni kukihifadhi.

Nikauliza, kwa mzaha wa mgeni, kama mama wa nyumba amesahau munyu.

Mke alitazama chini. Mume ndiye aliyecheka, si kwa ubaya, akacheka hadi akafuta macho.

"Munyu iko kwako, jirani," akasema. "Iko ndani ya tumbo ya ng'ombe yako."

Hapo ndipo nikaelewa, pamoja na hayo masomo yangu ya mwaka wa tatu. Tangu munyu uishe sokoni, hakuna nyumba iliyomwaga maji ya makayabu. Yalikuwa ndio munyu wao. Ndiyo waliyopikia sombe, ndiyo waliyopikia maharagwe. Na tangu ile ndoo ya kwanza, mtaa mzima ulikuwa unakula chakula kitupu, bila ladha, mzee kwa mtoto, na hakuna mmoja aliyefungua mdomo kuniambia. Hata nilipouliza kwa nini ndoo imechelewa.

Nilimaliza tonge langu. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza namna ile, na nimekula vingi. Ndoo yao sikuichukua. Nikatoka moja kwa moja kwa mama wa makayabu, nikamkuta anapanga samaki wake, nikamwuliza ni nani aliyewaambia wafanye vile. Aliendelea kupanga.

"Mutu akikosa munyu, ananung'unika tu, anakula," akasema. "Siye hatuwezi vunja uzio tukimbilie ziwa. Ng'ombe yako inaweza. Na yule muzee atafuata. Sasa weye ulitaka tulie kilio juu ya sombe?"

Nilimwambia nitatoa mtamba, wamchinje, mtaa mzima ule nyama. Akakataa. Akasema nyama bila munyu ya nini. Njia ikifunguka, nilete munyu, basi.

Ndoo ziliendelea kuja, maana wao hawakutaka kuziacha. Ila sasa hazikurudi tupu. Kila asubuhi nilizijaza maziwa, nikazibeba mwenyewe, mlango kwa mlango, mimi niliyekuwa nauza kwa kikombe na kukitazama kikombe kwa jicho moja. Siku ya kwanza maziwa yote yalinuka samaki, mama akanirudishia ndoo mbele ya watu na kuniambia hata tajiri anaosha chombo. Mtaa ulicheka. Nikaosha.

Jioni nyingine nilikuwa nasimama tu uani namtazama yule mweusi akilamba ndoo, na moshi wa majiko ya majirani ukipanda pande zote, na nikijua kinachopikwa chini ya moshi ule hakina munyu. Nilikuwa kama mtu aliye mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Jina la kitu hicho silijui hadi leo.

Njia ilipofunguka, kamyo ya kwanza kutoka Mahagi ilinikuta barabarani. Nilinunua gunia zima la munyu na kulipeleka mtaani kwa baiskeli ya kukodi. Nikalifungua mbele ya lupango wangu, na kila nyumba ikachota ilivyotaka. Siku ile sombe ilipikwa kila upande, na nilikula katika nyumba tano. Mchungaji aliketi karibu yangu, mzima, anasema sombe ya mchimba dhahabu imezidi munyu. Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja. Gunia lilikuwa dola thelathini na saba, na franga mia mbili za mwenye baiskeli.