Dative hang'oi lengalenga yake

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa wa Castle Vale, Birmingham, Uingereza, bado umelala, lakini Dative Nabintu ameshazama kwenye matope hadi vifundoni. Mvua ya Julai hii ya 2007 haijui kuchoka. Kwa jembe anarudisha udongo uliomomonyoka, tuta baada ya tuta, mpaka matuta yafike magotini. Saa moja anatakiwa awe ng'ambo ya pili ya jiji, Edgbaston, akideki korido za hospitali.

Kwenye mfuko wa koti ana barua ya kamati ya bustani hizi za kukodi: ang'oe magugu ndani ya siku kumi na nne, la sivyo atanyang'anywa kiwanja. Watu kumi na tisa wako kwenye foleni wakikisubiri.

Hayo magugu ni lengalenga, mboga ambayo Mtanzania angeiita mchicha.

"Sing'oi hata jani moja," anasema mama huyu wa watoto watatu. "Mkaguzi wa kamati alipita na kalamu, akaandika. Hakuuliza. Ati ni majani mubaya. Mubaya kwa nani? Watoto yangu wanakula hii."

Ana sababu ya kung'ang'ania. Mwanzoni alipanda saladi na njegere kama majirani, akitaka aonekane mtu wa hapa. Julai iliyopita jua likazikausha zote; kilichobaki wima ni lengalenga ambayo mbegu zake alizitupa pembeni. Mwaka huu akaipa nusu ya kiwanja. Na kwa kuwa siku hizi majira hayana adabu, akainua matuta marefu kama walivyofanya kwao Kamanyola, mashariki mwa Kongo, Mto Ruzizi ulipofurika.

Jirani yake Gurdev, mstaafu wa kiwanda cha vyuma, alimtania kwamba anachimba makaburi. Juni maji yalipotuama, viazi vya Gurdev vikaoza ardhini. Lengalenga ya Dative ikasimama.

"Miaka thelathini nalima hapa, nilikuwa najua mwezi wa kupanda," Gurdev anasema kwa Kiingereza, safari hii bila utani. "Sasa sijui. Huyu mama anajua."

Nyuma yake kuna matuta mawili mapya. Yamepinda, lakini ni matuta.

Si mara ya kwanza Dative kutishiwa shamba. Mwaka 1998 vita vilimtoa Kamanyola akiwa na mtoto mgongoni, akaacha mahindi yamekomaa. Jambo hilo linamuuma hadi leo, na halifichi.

"Ile nilikimbia bunduki," anasema. "Hii ni karatasi. Donc, yaani nikimbie karatasi?"

Mkaguzi anarudi Jumamosi. Dative ameshaomba ruhusa kazini. Atakuja na jiko la gesi, mawese na sufuria yake kubwa, na Gurdev ameahidi chapati. Akibakishiwa kiwanja, mwakani lengalenga itachukua na ile nusu nyingine.

"Nitamupa kiti," anasema, akipangusa jembe kwa nyasi. "Ale kwanza. Kisha aandike."