Rangi ya Kijivu kwenye Ramani

Mipango ya ardhi ya mji wetu, hapa njiapanda ya kwenda Rusumo, hupitiwa upya kila mwaka. Juzi kwenye ofisi ya ardhi nilimkuta bibi mmoja akimuuliza afisa nyumba yake iko wapi kwenye ramani mpya. Afisa akagusa sehemu ya kijivu.

"Hapa ni makaburi, bibi. Tumebadilisha matumizi."

"Lakini mimi naishi hapo."

"Ni kuanzia mwakani."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mgonjwa aliyepewa majibu. "Basi mihogo sipandi," akasema, akatoka.

Nikaomba nionyeshwe kwangu. Afisa akatafuta, akapaona, akapafunika kwa kiganja.

"Ni mapendekezo tu," akasema, bila kuuondoa mkono.

Kwa mara ya kwanza naomba mipango yetu icheleweshwe kama kawaida.