Mikate ya Arobaini

Jirani yangu hapa Laeken, huku Ulaya, mama wa Kimisri, alifiwa na mumewe, na siku ya arobaini akaoka mikate midogo ya kugawa kaburini. Kwao ndivyo ilivyo, Waislamu na Wakristo pia: masikini anakula, anasema "Mungu amrehemu," na marehemu anapata chake. Mkate usipoliwa, ni kama haukufika.

Mwanawe alikataa kumpeleka. "Mama, arobaini ni mambo ya Mafarao. Uislamu ulikuja kuyafuta hayo."

Kijana mzuri, hapitwi na swala, lakini ulimi huo! Sisi kwetu Buyenzi, Bujumbura, arobaini za wazee wetu tulizisomea hitima na kuzipikia pilau, wala hakuna aliyetutajia Farao. Nilitaka kumjibu. Mama akaniwahi, kwa upole: "Hao wa zamani nao walikuwa wanafiwa, mwanangu."

Bon, nikabeba mfuko, tukapanda basi mpaka makaburi ya Evere. Sasa umpe nani? Mzungu mmoja mwenye maua akasema asante, nimeshakula. Mfanyakazi wa pale akatuangalia kama tunamuuzia kitu. Mtoto alinyoosha mkono, mama yake akauvuta. Nikala mimi, nikamwombea mzee rehema kwa sauti, lakini jirani yangu akatikisa kichwa: "Wewe ni wa nyumbani, huhesabiki." Jamani, iliniuma. Huko kwao wangeigombania.

Tukarudi na mfuko wetu. Mpaka leo nasikitika nikikumbuka: mtu amezoea baridi ya hapa, amezoea hata mvua, halafu anakosa mdomo mmoja wa kumlia mumewe mkate.

Jioni mwanawe akarudi kutoka kazini na njaa. Nilikuwa bado pale, nakunywa chai. Mikate ile hakuwa ameiona ikiokwa; akaikuta mezani, akala mmoja, akala wa pili, akachukua wa tatu huku anasifu. Mama yake alisimama na birika mkononi, anamtazama mdomo. Nani wa kumwombea baba kuliko mwanawe? Neno moja tu, basi. Nikataka kumwambia kijana anachokula, mama akanikata jicho. Akijua, atatema.

Kijana akafuta mdomo. "Mitamu kweli, mama. Umeinunua kwa yule Mmoroko wa Saint-Josse?"

"Ndiyo," akasema. "Kwa Mmoroko."