Nimemuuliza mbunge kura yake, kaniuliza uraia wangu

Leo Kibirizi nimeulizwa kama mimi ni Mtanzania, na aliyeniuliza anataka kura yangu.

Mbunge wetu anayeomba kurudi alitufuata asubuhi pale tunapoanika dagaa. Akasema ile bajeti iliyopandisha tozo za nyavu yeye aliipinga.

Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo mheshimiwa. Siku ile ya kuipigia kura bajeti bungeni mliitwa majina mmoja mmoja. Nilirekodi redioni."

Nikabonyeza simu. Jina lake likaitwa. Sauti yake ikajibu, "Ndiyo."

Mama wa jirani akaacha kugeuza dagaa wake.

Mheshimiwa akatabasamu. "Dada, hiyo lafudhi ya wapi? Isije ikawa umetoroka kambi ya wakimbizi."

Jamani, mimi Muha wa hapa hapa. Naongea kama mama yake mzazi anavyoongea.

Na watu wakacheka. Hao hao wenye nyavu.

Nikatoa kadi ya mpiga kura, nikaiinua juu. Yeye huyoo, kwenye gari.

Tangu saa nne sijakaa chini, nazunguka tu uani.

Nyie mliokuwepo, hebu nijibuni. Kadi yangu mmeiona. Ile "Ndiyo" yake mbona hakuna aliyeiulizia tena?