Nakala ya Tatu

Gazeti letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya parokia, katika mtaa, au komini, ya Kenya hapa Lubumbashi: mashine ya kuandikia, roneo ya kuchapia nakala, ya kuzungusha kwa mkono, na watu wanne ambao hakuna aliyelipwa. Mapadri walitupa karatasi. Tulitafuta habari ambazo magazeti ya chama tawala hayakuzigusa, kuanzia Lubumbashi mpaka Lukafu, tukazipitisha mkono kwa mkono. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, lakini vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na kichwani nilikuwa tayari mwandishi mkubwa.

Wiki ile tulikuwa na habari ya mahindi. Mbegu zilizotumwa kwa wakulima wa Lukafu, zile zilizopakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu, zilikuwa zinasagwa unga katika kinu cha tajiri mmoja wa komini ya Ruashi. Watoto walikuwa wanatapika. Tulijua hayo kwa sababu ya mtu mmoja tu, fundi wa kinu hicho. Ndiye aliyeambiwa azioshe mbegu mpaka rangi itoke, kisha asage.

Mkubwa wetu, aliyekuwa mwalimu zamani, alikuwa na sheria yake. Habari iliandikwa kwanza na jina kamili la shahidi na namba ya nyumba yake, nakala tatu kwa kaboni, ili tuisome na kuibishia. Ikishapita, iliandikwa upya bila jina, na zile tatu ziliingia kwenye mbabula, makaa yakiwa yamewaka.

Asubuhi hiyo nilimwona mama muuza kalanga, pale mlangoni pa parokia, akichana daftari la mtoto wake apate cha kufungia kalanga. Mtoto alikuwa bado analiandikia. Nilishindwa kuvumilia. Nikamletea rundo la karatasi zetu zilizoharibika, ratiba za kwaya na matangazo ya misa. Akanibariki.

Saa nne Mwalimu akachukua nakala azichome.

“Ya tatu iko wapi?”

Nilitafuta chini ya meza, nikatafuta ndani ya roneo. Halafu nikakumbuka lile rundo lilikuwa wapi kabla sijalibeba: kulia kwa mashine, palepale ninapowekaga nakala.

Mama alikuwa ameshaenda sokoni. Nilikimbia.

“Mama, ile makaratasi nilikupatia iko wapi?”

“Iko na kalanga ndani. Unakuya kununua ao unakuya kufukuza bakiliya bangu?” akauliza, akiwaonyesha wateja wake kwa kidole.

“Niko natafuta moja.”

Akacheka, mpaka aliponitazama usoni. Tukafungua vifuko vyote, kalanga tukazimwaga kwenye beseni. Kwaya. Misa. Kwaya.

“Bingine nimeshauzisha,” akasema polepole. “Kwa batoto ba masomo. Na kwa ule citoyen.”

Yule citoyen, “mwananchi” kama tulivyotakiwa kuitana enzi hizo, alikuwa amekaa kwenye benchi la mshona nguo, abakosti safi, lile koti lisilovaliwa tai, beji ya chama kifuani. Kifuko amekikunjua juu ya goti, anasoma.

“Citoyen, samahani. Hiyo karatasi iko ya parokia.”

“Nimeona.” Hakuinua kichwa. Alitafuna, akaigeuza ile ratiba ya kwaya ya Jumanne. “Basoprano habakuyake ku mazoezi kila mardi? Hii ni kwaya ao ni kikao ya balevi?”

“Banachelewaka, citoyen.”

“Mubafukuze.”

Akanirudishia. Tukawatafuta wale watoto wa shule sokoni kote. Hatukuwapata, wala ile nakala.

Niliporudi, Mwalimu hakunigombeza. “Enda umwambie fundi wewe mwenyewe,” alisema. “Usitume muntu.”

Fundi alikuwa nyumbani kwake Ruashi, anajitayarisha kwa zamu ya mchana. Mke wake alikuwa anasonga bukari. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

“Jina yote?” fundi akauliza.

“Yote, baba. Na namba ya nyumba.”

Mkewe akaacha mwiko ndani ya sufuria. “Mulisema karatasi itaungua. Mi nilikuwa hapa, nilisikia.”

Fundi alifunga vifungo vya shati lake, kisha akaanza kuvifungua tena, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

“Gazeti inatoka lini?”

“Dimanche, kisha misa.”

“Hapana. Itoke leo. Sisi tutaenda, lakini ule unga hauende. Batoto ba bantu bataendelea kuukula.”

Lori la Lukafu liliondoka saa saba. Kaka wa mkewe alikuwa analima huko. Walipakia godoro, sufuria na masanduku mawili. Mimi nilibeba mtoto wao mdogo, na mama yake akampokea bila kunitazama. Injini ilipokwisha kuwaka ndipo alipoinama kuelekea kwangu.

“Andika hivi: hata ukiosha, rangi inabakia kidogo. Unga unakuwa roze. Bamama baangalie ku mwangaza.”

Niliipiga sentensi hiyo ya kwanza kabisa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya roneo. Saa kumi karatasi zilikuwa Ruashi, na kabla jua halijazama wamama walikuwa wametoka nje na sahani zao, wanaugeuza unga kwenye mwanga wakitafuta ule wekundu hafifu, mmoja mmoja wanaumwaga.

Kesho yake wanaume wawili waligonga mlango wa fundi tangu alfajiri. Jirani aliwaambia hajui walikokwenda. Kama walikuja kwa ajili ya gazeti, maana ndiye aliyeziosha mbegu, au kwa ile nakala yenye jina lake, sijui mpaka leo.